Bibi Aliyekataa Kuuza Dawa

Juzi nilikuwa katika duka la dawa za miti shamba, Mji wa Kale, Mombasa, nikingoja kupimiwa mafuta ya habasoda. Mbele yangu alisimama mpakuzi wa mizigo kutoka bandarini Shimanzi, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo vyote, na joto lile!

"Shikamoo, bibi. Nataka dawa ya choa. Nimepaka kila marhamu, haiondoki. Naoa baada ya Ramadhani, na wakwe washaanza kunitazama mkono."

Akakunja shati. Mkononi palikuwa na mabaka matatu yaliyopauka.

Bibi mwenye duka hakugusa chupa hata moja. Alichomoa uzi wa pamba. "Fumba macho, mwanangu. Nikikugusa, sema naam."

Shingoni: "Naam." Kiganjani: "Naam." Kisha akaupitisha uzi juu ya baka, mara tatu. Kimya.

"Bibi, bado hujaanza?"

Bibi akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akashusha sauti. "Hapa huhisi uzi. Nadhani ni ukoma. Usitetemeke. Vidonge vyake viko, wavitoa bure hospitali ya serikali, hapa hapa Mombasa. Ukiwahi utapona, na mke utaoa. Nenda sasa, hawajafunga."

"Na dawa yako?"

"Yangu ni ya choa. Wewe huna choa."

Wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba ujuzi hutujia kwa ndege kutoka ng'ambo. Mimi nilinunua mafuta yangu bila kuuliza kama yanafaa. Tena nilichukua chupa mbili.