Laila alipoulizwa bibi yake anakaa wapi

Wakuu, hamjambo. Shikamoo zenu nazipokea kabisa, maana wengi wenu humu nawazaa. Naandika kwa kidole kimoja, msinisahihishe. Haya mengi nilikuwepo, sikuhadithiwa.

Miye mtu wa Unguja, nakaa Jeddah, mtaa wa Ghulail, tangu ujana wangu.

Chumba cha juu walihamia Waafghani waliokimbia kwao. Najib, mkewe, mtoto wao Laila, na mama yake Najib, wanamwita Bobo. Serikali ya nchi moja ya baridi ikakubali kuwapa makazi, imebaki intavyuu tu Riyadh.

Laila kutwa alikuwa kwangu anakula vitumbua. Wajukuu zangu wananiita Bibi, naye akaniita Bibi. Sikuona ubaya. Nani angeuona?

Basi wakaenda Riyadh, ya huko kanisimulia Najib. Afisa akamuuliza mtoto kupitia mkalimani, Mwafghani mwenzao, "Bibi yako anakaa wapi?" Kumbe hata kwa lugha yao bibi ni bibi, mtoto akalisikia neno lile lile.

Laila akajibu, "Chini yetu. Anapika vitumbua."

Na Bobo amekaa hapo hapo ubavuni mwake.

Halas, imekwisha. Afisa akadhani wameokota kikongwe wa watu wampitishe kama mama. Faili likawekwa kando.

Najib alirudi uso umemshuka. "Khala," ndivyo anavyoniita, yaani mama mdogo, "bila mama yangu siendi."

"Nani kakwambia umwache? Waombe siku nyingine, na miye nakuja."

Mwanangu akaanza, "Mama, miguu imekuvimba, Riyadh kwa basi?" Nikamwambia miguu ni yangu.

Tukaenda. Afisa mwenyewe binti mdogo, hacheki. Akauliza tena, bibi yako nani? Laila akaninyooshea kidole miye.

"Na huyu?"

"Huyu Bobo. Bobo kamzaa baba."

Nikasema kwa Kiarabu changu cha sokoni, "Binti, kwetu bibi ni kila mwanamke mwenye mvi na mdomo. Huyu mtoto namlisha tu."

Mkalimani akainama anacheka. "Hata kwetu," akasema, akamfafanulia afisa. Afisa akamtazama Bobo, akamtazama Najib, pua ile ile. Akalivuta faili.

Walikubaliwa wote. Siku ya kuondoka Bobo alinishika mkono, hakuuachia mpaka gari ikapiga honi. Hatujui lugha moja, miye na yeye, ila alinielewa nilipomwambia avae soksi.

Nililojifunza: kabla hamjampeleka mtoto mbele ya serikali, kaeni naye kitako muulizane nani mnamwita nani. Mtoto hasemi uongo, ndiyo taabu yake.

Juzi Laila kanitumia sauti. Kapata jirani kizee wa huko, anampa biskuti. Anamwita Bibi.

Nikamjibu Najib, mwambieni na afisa mapema.

Haya, na nyie mlio ugenini, watoto wenu wanamwita nani bibi? Semeni. Asiye na adabu apite.