Ubeti Alionyimwa Bwana Quantrill

"Sikuja kugombana, Bi Keziah. Nimekuja kukwambia ukome. Ukome kuniingilia nyumbani kuimba!"

"Nyumbani kwako nije kufuata nini? Vumbi?"

Bwana Ambrose Quantrill alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, ukungu wa kinamasini umemlowesha masharubu mpaka yanachuruzika maji. Keziah Larter alikuwa anakanda unga, wala hakuacha. Mikono ile ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa kijiji cha Wexby na kuosha maiti wake wote. Haikuwa na desturi ya kusimama kwa ajili ya masharubu ya mtu.

"Sauti ni yako," alisema Bwana Quantrill. "Naijua kama ninavyojua kikohozi changu. Na wimbo ni ule ule ulioniimbia. Kila alasiri, chumba cha juu. Nikipanda, kimya. Nikishuka, unaanza tena."

"Na ubeti wa mwisho unaimbwa?"

Mzee akafikiri. "La. Ukifika pale unarudi mwanzo."

Hapo mikono ya Keziah ikasimama.

Huyu Bwana Quantrill alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa nafaka. Walimpeleka London kusomea muziki, akarudi na baiskeli na skafu ndefu, na kazi ambayo baba yake alikufa hajaielewa: kutunga muziki wa okestra. London walimpigia makofi. Wexby walimjua kama yule bwana anayeomba nyimbo. Alizunguka mashambani na vilabuni, akiwapa wazee tumbaku ili wamwimbie nyimbo za babu zao, naye akiziandika. Wengine walimpa za kweli. Wengine walimtungia uongo papo hapo, wakanywa bia yake. Kisha alizitia ndani ya simfoni, zile tungo zake ndefu za okestra. Keziah aliwahi kuisikia moja redioni, kwa mchungaji, akasema wimbo wa kuswaga ng'ombe wameuvika makoti mpaka ng'ombe mwenyewe angeukimbia.

Wimbo wake yeye ulikuwa wa aina nyingine. Aliachiwa na bibi yake, nao huimbwa wakati wa kuosha maiti tu. Beti za mwanzo zinamwita marehemu kwa jina, ageuke, asikilize. Ubeti wa mwisho unamwambia aende. Huo haimbiwi aliye hai, kwa kuwa aliye hai naye ana masikio, na miguu pia. Keziah alimwimbia Bwana Quantrill zote, ubeti huo akambania.

Miaka ikapita mzee akiomba. Simfoni yake kubwa ilikuwa imekwama pale pale. "Okestra nzima imekaa inangoja, Bi Keziah! Tarumbeta ziko mdomoni!"

"Waambie waziteremshe, watavimba midomo."

Alimletea bata. Akamletea shali. Bata akaliwa, shali ikavaliwa, ubeti haukutoka.

Dada yake Bwana Quantrill, Hester, aliyemtunzia nyumba, hakuomba kitu. Mwaka wa mafuriko alimkuta Keziah akitembea majini na viatu vilivyopasuka, akavua mabuti yake akampa. "Usinilipe," alisema. "Siku yangu ikifika, unioshe wewe, shoga, asinioshe mgeni." Keziah akaitikia. Ahadi ni deni.

Hester alikufa kwa kifua baada ya Krismasi. Keziah alifika getini na sabuni na taulo, akakuta gari jeusi la mjini na wanaume waliovaa glavu, waosha maiti wa kulipwa. Bwana Quantrill alikuwa amewaita kwa simu, kama wafanyavyo London. "Kila kitu kimeshughulikiwa, mama," mmoja alimwambia, akafunga geti. Tangu siku ile Keziah akimwona mzee njiani alivuka upande wa pili.

Sasa akajifuta unga. "Siku Hester alipokuwa amelazwa maiti chumba cha juu, ulifanya nini?"

"Nilimpigia piano, nikamwimbia. Wimbo wako. Sikuwa na kitu kizuri kuliko hicho."

"Ukamtaja jina?"

"Pale panapotajwa jina, ndiyo."

"Ukaishia wapi?"

"Ulioninyima ningeutoa wapi?"

"Mjinga we!" Keziah alipiga meza, unga ukaruka. "Umemwita dada yako, akageuka. Halafu umemwacha amesimama! Nani amwambie aende?"

Mzee akawa mweupe. "Hester hakuwa na sauti ya kuimba."

"Ndiyo maana ameazima yangu."

Mzee akaketi bila kukaribishwa. "Nipe huo ubeti," alisema polepole. "Nitamwimbia mwenyewe." Na ndani ya huzuni ile yote, macho yake yaling'aa. Keziah akayaona.

"Ehe! Na kesho nani anaimbiwa, London nzima? Inuka twende."

Nyumbani kwa Bwana Quantrill kulikuwa na pampu ya chuma uani, inayolia kama nguruwe anayechinjwa. Keziah akamshikisha mpini. "Piga pampu mpaka nitoke. Nisisikie umeacha."

Akapanda na beseni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, hakuna mtu. Akafunga mlango, na nyuma yake akasikia mtu anaimba kwa koo lake yeye Keziah, na mkwaruzo wake ule ule wa asubuhi. Kusikia sauti yako mwenyewe nawe umefumba mdomo, nani atazoea?

Akalowesha kitambaa akaanza kuosha pale juu ya mto ambapo uso ungekuwa. Kikapita hewani. Akashuka begani, kikapita. Alipofika mkononi, kitambaa kilikwama juu ya kitu baridi, na kitu kile kikajigeuza kiganja juu, kama afanyavyo mgonjwa anayekurahisishia kazi.

"Haya, Hester," alisema, meno yakigongana. "Nimechelewa, najua. Mlalamikie kaka yako."

Akaimba. Ile sauti nyingine ikaimba naye, mdomo ukiwa sikioni mwake. Zikafika kwenye ubeti wa mwisho, na pampu ikanyamaza.

Keziah akafunga kinywa. Mzee alikuwa anasikiliza. Maisha yake yote alikuwa anautafuta ule ubeti, na sasa ulikuwa nyuma ya kioo kimoja cha dirisha. Kiganja kile kikamshika kifundo cha mkono. Sauti ikarudi mwanzo wa wimbo, safari hii juu zaidi, yenye kiu, na jina lililotajwa halikuwa la Hester. Lilikuwa la Keziah.

"Ambrose!" alipiga ukelele. "Chagua! Dada yako au tarumbeta!"

Kisha chuma kikalia, mara moja, mara nyingine, kikashika kasi mpaka vioo vikatetemeka. Keziah akauimba ubeti wote bila kuvuta pumzi. Kitambaa kikaanguka bapa juu ya shuka.

Alipotoka, mzee alikuwa bado anapiga pampu, viganja vimechubuka, maji yamejaa uani.

"Acha, utatuzamisha."

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

Mzee akauegemea mpini. "Neno moja nililisikia, Bi Keziah. La kwanza tu. Sitaliandika. Simfoni itabaki pale ilipokatika."

"Ibaki. Watakohoa kidogo, kisha watapiga makofi."

Akamwaga beseni kwenye maua, akalitazama dirisha la juu.

"Mabuti nimeyalipa, shoga," alisema.