Programu ya Tatu

Agneta alipiga simu asubuhi, Zaitun akiwa bado anakunywa chai nyumbani kwao Kibomet, mjini Kitale. Hakusalimu. Alieleza kwamba afisa wa kampuni inayonunua tumbaku yake alikuwa amefika kwake Malakisi, akasimama kando ya banda la kukaushia majani, akamsomea maneno ambayo Agneta mwenyewe aliyaandika kwenye simu.

"Neno kwa neno," Agneta alisema. "Ati nataka kuacha tumbaku nipande maharagwe, ati watoto wanakohoa sana. Hayo niliambia wewe peke yako, Zaitun."

Zaitun alimwahidi kuchunguza. Chai ilipoa mezani.

Huduma ambayo Agneta aliiandikia, Zaitun aliianzisha pamoja na Kizito, kijana wa Bungoma waliyesoma naye kompyuta chuoni Kitale. Mkulima alituma swali kwa simu, akapata jibu la mtaalamu. Kizito alikuwa kama mtu wa nyumbani. Mama yake Zaitun, Bi Khairunisa, alimwita mwanangu wa Bungoma, na kila Ramadhani alimwekea sahani yake, ingawa Kizito hakuwa Mwislamu wala hakufunga. Lakini kwenda kwa wakulima ilikuwa kazi ya Zaitun. Ni yeye aliyekaa nao kwenye mabenchi ya kanisa la Malakisi akawaambia waandike bila hofu, kwa sababu wanachomwandikia hakitatoka nje.

Ndani ya kompyuta yao kazi ilifanywa na programu mbili. Ya kwanza ilipokea maswali, ya pili ilitafuta majibu na kuyatuma. Sasa, programu mbili zinazoendeshwa kwenye kompyuta moja hazionani. Mfumo endeshi, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, huipa kila moja sehemu yake ya kumbukumbu na kuifungia humo, ili moja ikiharibika isiiangushe nyingine. Zikitaka kupeana kitu, lazima ziombe njia. Mwanzoni Zaitun aliziwekea bomba: swali linaingia upande huu, linatokea upande ule, na likishasomwa halimo tena.

Kizito ndiye aliyeleta wazo la kubadilisha. Karibu na msimu wa mvua maswali yalirundikana, na alisema bomba linawachelewesha. Afadhali kumbukumbu ya pamoja, yaani sehemu moja ambayo programu zote mbili zinaweza kuifungua na kuisoma papo hapo. Hapo alikuwa sahihi, na Zaitun alikubali. Kisha Kizito akaomba pia kwamba ruhusa ya kuisoma sehemu hiyo iachwe wazi kwa programu nyingine, ili naye aweze kufanya majaribio akiwa Bungoma. Siku hiyo ilikuwa Idd, wakiwa wamemaliza kula pilau ya Bi Khairunisa. Zaitun alisita. Kizito akamwuliza kwa upole kama hamwamini, na mama mtu akacheka akasema hao wawili wanagombana kama waliozaliwa tumbo moja. Zaitun akafungua kompyuta na kuiandika ruhusa hiyo kwa mkono wake.

Baada ya simu ya Agneta alianza kutafuta kwenye milango ya nje: nywila, laini ya simu, rekodi za walioingia. Hakuona mgeni. Hakuna swali lililopotea, hakuna mkulima aliyelalamika kuwa hakujibiwa. Mwishowe akauliza mfumo endeshi ni programu ngapi zimeunganishwa na ile kumbukumbu ya pamoja. Zilipaswa kuwa mbili. Zilikuwa tatu.

Ya tatu ilikuwa imepewa jina la kawaida kabisa, kama moja ya zile programu ndogo za usafi ambazo hakuna anayezitazama mara mbili. Ilikuwa ikiendeshwa kwa akaunti ya Kizito. Ilisoma kila swali lililoingia, ikachagua yale ya wakulima waliotaka kuacha tumbaku, ikapeleka nakala kwingine. Yenyewe haikuondoa chochote. Kwenye bomba, swali likisomwa na mwizi, mwenye nalo analikosa, na wizi ungejulikana siku ile ile. Kwenye kumbukumbu ya pamoja, unasoma na kila kitu kinabaki pale pale.

Zaitun alihifadhi ushahidi, akaizima huduma yote, akaenda Bungoma.

Kizito hakukana. Alimvutia kiti na kueleza, kwa sauti ya mtu anayefafanua jambo dogo, kwamba kampuni ilitaka tu kujua hali ya wakulima wake, na wangejua hata kwa njia nyingine. "Mimi sijaiba kitu, bana," alisema. "Si data yenu yote iko?"

Zaitun alikuwa na swali moja tu. "Siku ile ya Idd, ulipoomba ruhusa, mlikuwa mmeshaongea na hao watu?"

Kizito aliitazama meza. "Tulikuwa tumeongea," akasema.

Zaitun alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kilichomjia ni aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyekutwa akifanya jambo. Alikumbuka mama yake akimwongezea yule mtu nyama. Akainuka akatoka bila kuaga.

Kesho yake alirudi Malakisi, kwenye kanisa lile lile, akawaeleza wakulima yote. Hakuficha kuwa ruhusa aliitoa yeye. Wengine walikuwa wameshanyimwa mbegu na mbolea za kampuni, na mashamba yalikuwa tayari yamelimwa. Mzee Wanyonyi, ambaye aliwahi kuuliza kama dawa za tumbaku ndizo zilizomwuguza mkewe, alitaka kujua kama na hilo lilisomwa. Zaitun akamjibu kwamba yote yalisomwa. Mzee akavaa kofia yake akaondoka.

Zaitun alianza kueleza tena habari za Kizito, lakini Agneta akamkatiza.

"Huyo Kizito mimi simjui," alisema. "Mimi nilikuamini wewe."

Zaitun alipeleka malalamiko kwa ofisi ya serikali inayoshughulikia data. Walimpokea vizuri, na mpaka leo anasubiri. Kizito alipata kazi kwenye kampuni ile ile. Bi Khairunisa mwanzoni hakuamini, na alipoamini aliomba jina hilo lisitajwe mbele yake. Huduma haikufunguliwa tena. Siku hizi Zaitun anatunza kompyuta za shule moja Kitale, na wenzake humwona mgumu, kwa sababu hakuna programu inayopewa ruhusa mpaka anayeileta aeleze inahitaji kusoma nini, na kwa nini.

Mwaka huu alipitia Malakisi. Agneta alikuwa ameng'oa tumbaku yote. Maharagwe, aliyoyapanda kwa mbegu alizoomba kwa dada yake, yalikuwa na madoa ya ugonjwa wa kutu kwenye majani. Zaitun aliyaona tangu njiani, na dawa yake aliijua. Agneta alimkaribisha uani, akampa chai na viazi vitamu, akamwuliza hali ya mama na kama mvua imenyesha Kitale. Walikaa mpaka jua likapoa. Kuhusu maharagwe, Agneta hakumwuliza neno.