Kitabu kwa Kiatu cha Kushoto

Kinanu alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na mitatu, na tangu hapo hakumpa mtu raha. Alisoma karatasi za kufungia sukari, akasoma maandishi ya magunia, akasoma hata leseni ya dereva aliyekuja kunywa chai yake na kwenda zake. Darasa la ngumbaru lilikuwa la jioni, mtaani Bulla Pesa, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Kinanu, mama wa Kimeru mwenye sauti ya kuita watu sokoni, alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kunyamaza.

Mchana aliuza chai na mandazi kwenye kizuizi cha polisi, mahali magari ya kaskazini yaliposimama kusubiri msafara. Miaka hiyo lori halikuruhusiwa kwenda peke yake, kwa hofu ya majambazi wa njiani. Siku nyingine walingoja saa mbili, siku nyingine tangu asubuhi mpaka adhuhuri ikapita. Abiria walikaa kwenye kivuli cha malori wakipiga miayo. Kinanu aliwatazama roho ikimuuma. Watu wote hao, muda wote huo, na hakuna hata mmoja anayejifunza kitu.

Mwaka wa 1981 akamwendea Marete, karani wa ofisi ya afya, ambaye alipenda hesabu kuliko maongezi. Kabatini mwake mlikuwa na vitabu kumi na kimoja vya afya, vya Kiswahili na picha, vyote vimepigwa muhuri, vyote havijafunguliwa.

"Bwana Marete," Kinanu akamwambia, "hivyo vitabu vinasomwa na mende peke yao."

Marete alikuna kidevu siku tatu nzima, ndipo akakubali kumwazima, vyote kwenye sanduku moja. "Lakini Desemba nitakuja kuvihesabu. Kikipungua kimoja, sanduku lote linarudi kabatini."

Basi Kinanu akabuni sheria ya kiatu. Ukitaka kitabu, unavua kiatu cha kushoto, kinawekwa kwenye sanduku. Msafara ukiitwa, unarudisha kitabu, unavaa kiatu, unapanda lori. Nani atasafiri mpaka Merti na kiatu kimoja?

Hakungoja mtu achague. Alikupima kwa jicho huku akigeuza mandazi, halafu akakupa unachostahili. Ukija macho mekundu yanatoka maji, unapewa cha macho. Ukikohoa, cha kifua kikuu, na unaambiwa uhamie upande ule mwingine wa upepo. Mume aliyefuatana na mke mwenye mimba alipewa cha uzazi, apende asipende. "Wewe ndiye umeleta hii kazi," alimwambia. "Soma." Kulikuwa na dereva mmoja aliyetaka kile cha magonjwa ya zinaa, akakiomba kwa kunong'ona. Kinanu akamfungia kwenye gazeti kwa heshima zote, kisha akamuuliza kwa sauti kama amefika ukurasa wenye picha. Benchi zima lilikufa kwa kicheko, dereva mwenyewe akiwemo.

Wasiojua kusoma aliwasomea mwenyewe, mkono mmoja kitabu, mkono mmoja kijiko cha kugeuzia. Ndivyo alivyomsomea Dahabo, mama kijana wa Biliqo, kijiji cha njia ya Merti, asubuhi moja ya mwezi wa sita. Kilikuwa kile cha kuhara, chenye picha ya mtoto na kikombe. Walipofika mahali kitabu kinaposema mtoto anayehara apewe maji zaidi, asinyimwe, Dahabo akamshika mkono.

"Rudia hapo."

Kinanu akarudia. Akaanza kumsomea jinsi maji yanavyotengenezwa kwa sukari na chumvi, mara polisi wakaitisha chai, akamwachia Dahabo kitabu atazame picha. Filimbi ya msafara ikapigwa. Vumbi lilipotulia, kwenye sanduku kulibaki vitabu kumi na akala moja, kiatu cha tairi, ya mguu wa kushoto.

Kinanu aliketi. Kwa mara ya kwanza wateja wake walikunywa chai bila kusomewa chochote.

Kesho yake alimkamata Jillo, dereva wa lori la Merti. "Mwambie mwenye akala hii kwamba namngoja."

"Nipe kiatu nimpelekee, Mama."

"Kiatu hakitoki hapa mpaka kitabu kirudi."

Jillo alifikisha salamu na kurudi na habari. Mwezi wa saba: "Kitabu iko Biliqo, Mama. Mwalimu wa madrasa anasomea akina mama." Mwezi wa tisa: "Imehama. Imeenda na watu wa ngamia." Mwezi wa kumi: "Imerudi, lakini kuna foleni." Kinanu alisikia hayo, akakasirika, na usiku alipolala akajikuta anatabasamu. Asubuhi alikasirika upya, maana Desemba ilikuwa inakuja na Marete hakuwa mtu wa kusahau.

Hakusahau. Alikuja siku ya Jumamosi na daftari kwapani, akahesabu mara mbili, akainua akala kwa vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Ni cha kuhara."

"Kiatu hakisomeki, Kinanu." Akaanza kufunga sanduku. Hakuwa mbaya, hapana, ila ahadi kwake ilikuwa ahadi. Kinanu alishika upande wa pili wa sanduku, hakuvuta, alishika tu.

Ndipo lori la Jillo likaingia kutoka kaskazini, na kutoka juu ya mizigo akashuka Dahabo, mguu wa kulia na akala, wa kushoto mtupu.

"Salaam aleikum, Mama."

"Aleikum salaam," akajibu Kinanu. "Miezi sita, binti yangu."

Dahabo akatoa kitabu kwenye shuka. Kilikuwa kimefura, kinanukia moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa, na kimeshonewa jalada la ngozi ya mbuzi. Marete alikifungua akatafuta muhuri. Ulikuwepo.

"Hukusikia filimbi?" Kinanu akamuuliza.

"Nilisikia vizuri." Dahabo hakuinamisha macho. "Nimezika watoto wawili, Mama. Wakihara, nikawanyima maji, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa. Siku ile ulikuwa umefika nusu. Nikaona kiatu ninaweza kutembea bila. Nusu ile nyingine siwezi." "Kiangazi hiki, Biliqo, hatukuzika hata mtoto mmoja wa kuhara."

Kinanu alimvuta kifuani, unga na mafuta na yote, akalia mbele ya polisi na wateja bila aibu. Kisha akampa akala yake. Dahabo akaivaa, akatembea hatua tatu, akacheka kwa kuona miguu yote miwili inalingana.

Halafu akaketi kwenye benchi akazivua zote mbili. Akazipanga sandukuni.

"Nataka cha uzazi."

"Sheria ni kiatu kimoja," Kinanu akasema.

"Kitabu hiki kitakaa zaidi."

Kinanu alimtazama Marete. Marete alitazama sanduku: vitabu kumi, na jozi ya akala zilizochakaa visigino. Alitoa kalamu, akahesabu kwa kidole, taratibu, bila kuruka kitu. Kidole kilipofika kwenye akala hakikusimama. Kwenye daftari akaandika kumi na moja, akaagiza chai.