Punda Aliyenukia Mchaichai Machimboni

Wenzangu huniambia nisahau, alikuwa punda tu. Hilo neno "tu" ndilo linalonichemsha damu. Anayelisema hajawahi kutoka bwawani na ndoo kichwani, mimba ya miezi saba tumboni, jua la Usukuma likimpiga utosini. Miaka imepita mingi, watoto wangu wamekua na kuoa, na mimi bado nina hasira. Sioni kwa nini nione haya.

Punda yule jike nilipewa na mama yangu nilipoolewa. Mama aliishi Tinde, na alisema shingo yake imeishia kwenye ndoo, hataki na yangu iishie huko. Kwa hiyo punda alikuwa wangu, si wa mume wangu, na kila mtu alilijua hilo. Katikati ya miaka ya tisini tulihamia machimboni, upande wa Mwakitolyo. Asubuhi alinibebea maji. Mchana mume wangu alimtumia kubeba mawe kutoka kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, hadi kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Sasa maji kwenye madumu yanatulia, lakini mawe yana kona. Haikupita miezi mitatu, punda akawa na kidonda mgongoni, karibu na mabega, kipana kama kiganja changu, na nzi wamehamia hapo kabisa.

Dawa ya machimboni kwa kidonda cha mnyama ilikuwa moja: oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kutoka kwenye injini ya karasha. Walisema ikiunguza ndiyo inafanya kazi. Mimi nilikataa. Nikapanda gari hadi Shinyanga mjini, kwa mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la viungo na mafuta ya chupa ndogondogo. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliacha kupima bizari. Kumbe alikulia kwenye nyumba yenye farasi wawili wa babu yake, na utotoni yeye ndiye aliyekuwa akiwapaka mafuta.

"Farasi, punda, ngozi yao nyepesi kuliko unavyodhani," aliniambia. "Mafuta haya ni makali, mwanangu. Usipake hivihivi. Kijiko kizima cha mafuta ya kula, tone moja la haya, basi. Na usitie ndani ya kidonda. Zungusha pembeni, nzi achukie kuja."

"Na kidonda chenyewe, mama?"

"Maji ya chumvi, yachemke, yapoe, umwoshe. Na mzigo usimwekee. Hakuna mafuta ya kuponya mgongo unaobebeshwa mawe kila siku."

Akanifundisha na jambo jingine. Kabla ya kumpaka, nimnusishe. Mnyama akigeuza kichwa, niachane na mafuta hayo. Nikaondoka na chupa mbili, ya mkaratusi na ya mchaichai.

Nyumbani nilichanganya bakulini na mafuta ya pamba, maana ndiyo yaliyokuwa jikoni kwa kila mtu. Mkaratusi aliukataa. Alikunja mdomo wa juu, akarudi nyuma hatua mbili, akanitazama kama nimemtukana. Mchaichai aliusogelea mwenyewe, akavuta pumzi ndefu, masikio yakalala. Nikampaka kidogo shingoni, nikangoja hadi kesho yake nione kama ngozi itavimba. Haikuvimba. Basi asubuhi na jioni ikawa maji ya chumvi kwanza, kisha mafuta kuzunguka kidonda. Wiki tatu hakubeba kitu. Maji nilibeba mimi, kichwani. Mume wangu alinung'unika, lakini alivumilia, na kwa hilo nilimshukuru.

Kidonda kikakauka. Ikaota ngozi mpya, nyororo, ya waridi. Punda akazoea hata bakuli langu. Akiliona tu, anakuja mwenyewe na kusimama bila kufungwa. Aliporudi kazini nilimshonea mto wa gunia, nikaujaza pamba mbichi na kuuachia tundu katikati ili mzigo usiguse mahali palipopona. Nilijisikia fundi, nasema kweli.

Mwenye duara lile alikuwa na miiko yake. Mganga wake alimwambia dhahabu haipendi harufu nzuri, ikiisikia inakimbia. Kwa hiyo vibarua hawakuruhusiwa kuoga sabuni yenye manukato kabla ya kushuka. Yeye mwenyewe Jumamosi akienda mjini alijimwagia marashi mpaka unamsikia kabla hujamwona, lakini hayo hayakuwa na neno. Basi wiki ile punda aliporudi kazini mkanda ukapotea, yaani ule mstari wa mwamba wenye dhahabu. Vibarua walichimba siku nne wakatoa mawe matupu. Siku ya tano mwenye duara akapita karibu na punda wangu, akasimama, akanusa.

"Nani amempaka huyu manukato?"

"Ni mchaichai, shemeji," nikamjibu. Alimwita mume wangu kaka, kwa hiyo tuliitana hivyo. "Wa kufukuzia nzi."

"Shemeji, unataka tufe njaa? Dhahabu inakimbia!"

"Inakimbiaje wakati imeshafungwa kwenye gunia?"

Vibarua wakaangua kicheko. Hapo nilikosea, maana mwanamume akishachekwa mbele ya vibarua wake hawezi tena kurudi nyuma. Akatoa amri. Punda aoshwe kwa sabuni ya unga, kisha apakwe oili chafu mgongo mzima, anuke mashine kama wenzake. La sivyo, mume wangu atafute duara jingine.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mama watoto," akasema, "ni siku moja tu. Utampaka tena mafuta yako."

Ningeweza kumfungua punda wangu wakati uleule nikashika njia ya Tinde kwa miguu. Nilikuwa na nguvu, na njia niliijua. Sikuondoka. Wanaume wawili wakaja na sabuni na kopo la oili, na punda akamtandika mmoja wao teke la paja. Nilifurahi sana. Wakajaribu tena, akawakataa tena. Ndipo mume wangu aliponiita.

"Njoo umshike wewe. Wewe anakuamini."

Nikaenda. Nikashika kamba. Punda akanusa mkono wangu, uliokuwa na mchaichai wa asubuhi, akatulia. Wakamsugua kwa gunia na sabuni ya unga juu ya ile ngozi mpya, kisha wakammwagia oili. Alitetemeka kuanzia mabegani hadi kwatoni, lakini hakuivuta kamba, kwa sababu niliyeishika ni mimi. Halafu wakampakia mawe bila ule mto wangu, kwani nao ulinukia.

Jioni nilipomshusha mzigo, ngozi ilitoka na gunia. Nilirudi kwenye maji yangu ya chumvi, nikachemsha, nikapoza, nikachanganya mafuta yangu. Alipoliona bakuli alikwenda hadi mwisho wa kamba yake na kunigeuzia mgongo. Nilimfuata, akazunguka. Hakunikubali tena, asubuhi wala jioni. Kidonda kikaoza, kikaingia ndani, na siku ya sita hakuinuka. Mume wangu alichimba kaburi peke yake, akalichimba refu. Mimi sikumsaidia.

Na mkanda ukapatikana. Nani hakujua utapatikana? Wanaume ishirini wakipiga mwamba mchana kutwa, siku moja wataupata, hata wakipakwa asali. Lakini machimbo mazima yalisema ni kwa kuwa punda aliondolewa harufu. Mganga akasifiwa. Mwenye duara akatuletea kreti mbili za soda na kitenge cha kunizawadia mimi, na uwanja wetu ukajaa watu siku ya pili baada ya kumzika.

Jirani yangu, mama wa Kisukuma tuliyekuwa tukichota maji pamoja, alinijia akiwa amenyoosha mikono yote miwili.

"Hongera, mayu," akaniambia, yaani mama. "Punda wako ametufungulia riziki."

Kitenge kilikuwa begani mwangu. Soda ilikuwa mkononi. Mume wangu na mwenye duara walikuwa wamegeuka kunitazama, wakingoja nitasema nini.

Nikamwambia asante.