Nilidhani Anamwogopa Daktari

Kosa ni langu jamani, wala simsingizii shetani! Mpaka leo nikipita njia ya kwenda kijiji cha Akheri natamani kujifunika kanga usoni.

Ilikuwa miaka ile zahanati za watu binafsi zilipoanza kuchipuka Arusha kila mtaa. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, natafiti jinsi daktari na mgonjwa wanavyozungumza. Nilikuwa na nadharia yangu, naipenda kama mchumba: mgonjwa hunyamaza kwa sababu anaogopa mamlaka ya daktari. Basi nikawa natafuta wanaonyamaza tu!

Kwenye zahanati mojawapo nikapewa kiti, kwenye kona ya chumba cha daktari. Akaingia mama mmoja wa makamo, ametoka Akheri. Kumwona daktari tu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama," daktari akasema. "Karibu ukae."

"Marahaba. Nitasimama tu."

"Unasumbuliwa na nini?"

"Homa. Homa tu."

Daktari naye hakumtazama. Akaandika dawa za malaria haraka haraka, jasho linamtoka. Mama akaondoka.

Mie kalamu inacheza! Amekataa kiti: unyenyekevu. Hasemi: hofu. Daktari hamtazami: dharau. Nadharia imetimia! Hata sikumfuata nje kumwuliza neno moja.

Siku chache baadaye akarudishwa, amelala kifudifudi nyuma ya pikapu ya jirani, anatetemeka. Kumbe ana jipu kwenye makalio, limeiva mpaka linatisha! Muuguzi akalipasua. Kile kilio nilikisikia hadi nje.

Alipotulia nikamsogelea.

"Pole mama. Mbona siku ile hukumwambia daktari?"

Akanikazia macho. "Nimwambie mkwe wangu habari za makalio? Yule si kamwoa binti yangu! Nilitegemea kumkuta muuguzi. Wewe umelelewa wapi?"

Uso sikujua niuweke wapi!

"Na wewe ulikuwa umekaa pale na kalamu," akaendelea. "Ungeniuliza, ningekwambia. Si mwanamke mwenzangu?"

Sura nzima ya utafiti nikaichana. Siku ya mahafali wenzangu walivaa majoho, mie nawapigia makofi. Lakini hilo halikuniuma kama kile kilio.

Wadogo zangu mnaokwenda kutafiti, nawasihi! Nadharia bebeni, inaonyesha pa kuuliza. Ila ulizeni! Msimjibie mtu aliye hai mbele yenu.

Na wewe mwenye mkwe daktari, tafadhali, katibiwe kwingine!