Mguu wa Kulia wa Antipasi, Mrina Asali wa Mgori

Watu wa hapa Mgori wakimtaja kaka yangu Antipasi husema, "Yule aliyekatwa mguu kwa ajili ya asali." Nikiwasikia natamani kuwatukana. Asali haikumkata mtu mguu. Lakini ukitaka kuwaeleza jambo refu hawana subira, wanataka neno moja la kupeleka kilabuni, basi. Sasa kaeni chini niwaeleze mimi Kefa, niliyekuwepo, tena niliyembeba.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Kaka alikuwa mrina asali, na msitu wote wa huku juu ulijaa mizinga yake. Mti ambao wengine wanautazama na kuondoka zao, yeye anaupanda huku anapiga mluzi. Alipanda peku. Kidole gumba cha mguu kinatafuta gome, kinalibonyeza, kinalipima, ndipo mwili unafuata. Alikuwa akiniambia, "Mikono ni ya kujishikilia tu, mdogo wangu. Anayepanda ni mguu." Mimi nilibaki chini na mwenge na kamba, kwa sababu miti mirefu naiogopa na sioni haya kusema.

Ugonjwa ulianza na kiu. Alikunywa maji mpaka mtungi ukaisha asubuhi, na bado akatuma achotewe mengine. Akawa anatoka nje kukojoa kila mara. Halafu akaanza kukonda, yule mtu mwenye mabega, mpaka shati likawa linamning'inia. Mama yetu Kristina alipoona hivyo akafanya alichojua. Kwetu mgonjwa aliyeishiwa nguvu hapewi kitu kingine, anapewa asali kwenye maji ya vuguvugu. Mama alimchagulia ile nyeupe, nzuri kuliko zote, akamkorogea bakuli asubuhi na bakuli jioni. Alimpenda mwanawe, sitaki mtu aje hapa aniambie vingine.

Jambo moja linaniudhi mpaka leo. Pale alipokojoa, nyuma ya nyumba, sisimizi walijaa. Nyumba nyingine yoyote wangeshtuka na kuuliza. Nyumbani kwetu sisimizi walikuwa kwenye vibuyu, kwenye masega, kwenye nta, kwenye nguo zetu, mpaka kitandani. Nani angewahesabu hao wa nyuma ya nyumba? Tuliwafagia tu.

Kisha ikaja miguu. Mchana afadhali, alitembea akajisahau. Jua likishuka ndipo nyayo zinaanza kumwaka kama zimepakwa pilipili, na vidole vinachomwachomwa na sindano asizoziona. Aliweka nyayo kwenye ukuta wa udongo wa tembe yetu, upande usiopigwa na jua, akalala hivyo miguu juu. Alichimbia miguu kwenye mchanga wa korongo. Alipaka udongo mbichi. Blanketi likimgusa vidole anaruka. Shemeji yangu Luciana, mkewe, akachukua kigoda akakiweka upande wa miguuni, blanketi likapita juu ya kigoda bila kumgusa. Nilipokiona nilicheka.

"Kaka, siku hizi miguu yako ina nyumba yake."

"Laiti ingehamia huko moja kwa moja," akasema, na hakuwa anatania.

Wengine wakasema amekanyaga dawa aliyotegewa njiani, achanjwe. Luciana akakataa katakata. Akamfungia nguo mbili na kibuyu cha maji, tukaondoka naye kwenda hospitali ya mjini Singida. Daktari akachukua mkojo wake kidogo, akautia kwenye kichupa chenye maji ya bluu, akaupasha juu ya moto. Ile bluu ikageuka ikawa rangi ya tofali. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mzee, una ugonjwa wa sukari."

"Sukari mimi sijanunua tangu Krismasi," kaka akasema.

Daktari hakucheka. Akaeleza polepole, na Luciana akawa anarudia kila neno kwa mdomo bila sauti ili asisahau. Asali aache, na pombe ya asali pia. Ugali apunguze, mboga na maharage azidishe. Asitembee peku hata uani. Asiote moto kwa miguu. Na kila jioni kabla ya giza mtu azitazame nyayo zake kwa macho na kuzipapasa kwa vidole, kwa maana itafika siku zitaumia na hazitamwambia.

Mama aliposikia maagizo hayo akawaka. Mwana amekonda hivi, halafu anyimwe chakula? "Huyo daktari wenu anataka mwanangu afe na njaa ndani ya nyumba yenye asali," akasema, na akaanza kumwekea asali kwenye uji kwa siri. Luciana akaonja uji, akajua. Wale wanawake wawili, waliokuwa wakisaga pamoja, wakaacha kusemezana. Kaka alikaa katikati yao na bakuli mkononi, hajui amtii nani. Nilimhurumia kuliko wakati wowote. Lakini Luciana alishikilia. Kila jioni alimkalisha mlangoni penye mwanga, akaweka mguu mmoja mapajani mwake, kisha wa pili, akatafuta mwiba, akatafuta mchubuko. Siku moja alitoa mwiba wa mgunga, mrefu, umezama kabisa, na kaka hakuwa na habari nao.

Msimu wa baridi ulipofika kaka akaniita. "Kefa, miguu imenyamaza. Haiwaki tena."

Tulifurahi sana. Mama akapiga magoti akamshukuru Mungu. Luciana peke yake hakufurahi. Akambana kidole gumba cha kulia kwa kucha zake, akazidi kubana, huku anamtazama usoni. Kaka alikuwa anaongea na mimi habari za mizinga. Luciana akakiachia kile kidole, akaingia ndani, akakaa huko.

Alimsihi asiende kurina. Angefanyaje lakini? Kwetu mzinga ni wa aliyeutundika, na mwenyewe akiwa hai haupandiwi na mwingine, hata ndugu. Akisema hawezi, ndiyo amejizika. Wakakubaliana aende na makatambuga, zile ndala za mpira wa gari, na asiyavue. Aliyavaa kweli. Chini ya mti wa kwanza akajaribu kupanda nayo, akateleza mara mbili. Akayavua, akayapanga vizuri kwenye mzizi, akapanda peku.

Jua lilikuwa linazama. Alipanda polepole, anatazama kila mahali anapoweka mguu, kwa kuwa mguu wenyewe haukumwambia kitu. Nilimpandishia mwenge wa magome kwa kamba, akawapulizia nyuki moshi, vipande vya moto vikawa vinadondoka chini kwenye majani kama ilivyo kawaida yetu. Akaonja sega la kwanza kule juu, ndiyo desturi, mwenye mzinga asipoonja nyuki wanahama. Akateremka salama. Nilimshika mkono nikafurahi kwamba tumemaliza, tukasimama tunapanga masega kwenye kibuyu.

Akanusa. "Kuna watu wanachoma nyama huku?"

Nikanusa na mimi. Kweli, nyama. Nilidhani ni wawindaji, na nakwambia kweli, mate yalinijaa mdomoni. Nikageuka kutafuta moto wao uko wapi. Moshi ulikuwa unatoka chini ya unyayo wa kaka yangu. Alikuwa amesimama juu ya kaa la mwenge, ametulia, sega mkononi.

Nilimsukuma akaanguka, nikalipangusa lile kaa kwa mikono yangu. Nililia mimi. Yeye hakulia, hakukuwa na kilichomuuma. Alikaa chini akaushika mguu wake, akaugeuza, akautazama kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake aubebe. "Kefa," akasema, "huu sio wangu tena."

Kidonda hakikupona. Luciana alikiosha, akakifunga, akakifungua, kikaingia ndani zaidi. Vidole vikawa vyeusi na harufu ikajaa nyumba nzima. Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani, lori la mnunuzi wa nta likatuchukua mpaka mjini. Daktari akafungua kitambaa, akainama kutazama.

"Mzee, mfupa umeoza. Nikate hapa chini ya goti, ubaki na uhai wako. Tukingoja, huo uhai hautabaki."

"Nikikatwa nitapandaje?"

Daktari akaniangalia mimi, eti nijibu. Kaka akafumba macho. Nilidhani amekataa, na Mungu anisamehe, sehemu ya moyo wangu ilitaka akatae, twende naye nyumbani. Alipofumbua akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Na ule moto? Kabla haujanyamaza mguu huu ulinitesa. Mkiuchukua, moto utakwenda nao?"

"Kidonda kitakwisha," daktari akasema.

"Basi uchukueni. Angalau nilale."

Walimkata. Alikaa hospitali mpaka kidonda kikakauka, akarudi na magongo mawili. Msituni hakwenda tena. Mizinga ikabaki juu ya miti, nyuki wakaingia na kutoka, na hapakuwa na mtu wa kupanda. Luciana alilima uwele peke yake. Mama hakutia tena asali kwenye uji wa mtu. Alikaa tu karibu na mwanawe.

Kaka alipata usingizi majuma ya mwanzo. Alasiri moja nikaingia kumsalimu, nikamkuta ameuma blanketi kwa meno, jasho linamtoka.

"Shikamoo kaka. Nini tena?"

"Kidole gumba. Kinawaka."

"Cha kushoto?"

"Cha kulia."

Nilidhani anaweweseka. Nikalifunua blanketi nimwonyeshe. Goti lipo, chini yake kovu, chini ya kovu ni mkeka wa kitanda. Alitazama pale akatikisa kichwa. Akanieleza kila kidole kilivyo, kipi kimekunjwa, kipi kinachomwa, na unyayo unavyowaka katikati, vilevile kama zamani, ila sasa hakuna pa kupaka udongo wala pa kubandika ukutani. Alikuwa anaongea taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Ulipokuwepo tuliukata ili uache kuniunguza," akasema. "Sasa haupo. Niambie wewe, Kefa, safari hii nikate nini?"

Luciana alikuwa mlangoni na jembe lake. Mama akaingia na uji usio na kitu, akaketi kitandani upande wa miguuni, pale palipo patupu, akaanza kuukoroga upoe.

Kaka akashtuka. "Mama, umekalia mguu wangu."

Mama akatazama pale alipoketi. Akanitazama mimi, akamtazama Luciana. Kisha akainuka taratibu, bakuli mkononi, akasema, "Nisamehe mwanangu," akaenda kukaa chini.